Mjomba Aliyegeuka Tapeli: Kisa cha Mwanafunzi Mhispania na Maneno ya Kiingereza ya Kuanguka na Kufukarika

Mwanafunzi ambaye maandishi yake yanachambuliwa hapa ni mwanamke wa Andalucía, kusini mwa Hispania, aliyesoma Kiingereza tangu utotoni. Alipoanza masomo ya mtandaoni pamoja nami alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa Cambridge wa Kiingereza cha ngazi ya juu, uitwao C1 Advanced. Karatasi ya uandishi ya mtihani huo humpa mtahiniwa dakika 90 za kuandika matini mbili, kila moja ya maneno kati ya 220 na 260, na mtahini hutazama, pamoja na mambo mengine, iwapo msamiati umetumika kwa upana na kwa usahihi. Nilimwomba aandike juu ya jinsi mtikisiko wa uchumi unavyoibadilisha familia, naye akachagua habari za mjomba wake, mwenye kampuni ndogo ya ujenzi aliyoiendesha na wabia wengine, ambayo ilifilisika soko la nyumba lilipoporomoka. Aya ya katikati ilisomeka hivi:

“In 2008 my uncle's company broke. It was a disgrace for the family and a great deception for the workers. He was destituted by his partners, he became a squalid man, and we lived in misery because we could not arrive to the end of the month. He faced everything with parsimony.”

Mhispania akiisoma aya hiyo anaelewa kila neno jinsi mwandishi alivyolikusudia: kampuni ilifilisika, likawa balaa kwa familia na pigo la kuvunja moyo kwa wafanyakazi, wabia wakamvua mjomba uongozi, akakonda, nyumba nzima ikaingia katika ufukara kwa sababu fedha hazikufika mwisho wa mwezi, na mzee yule akayapokea yote kwa utulivu. Mwingereza akisoma aya ileile anapata habari ya mtu mwingine kabisa. Kwake kampuni ilivunjika kama kifaa, jambo lenyewe likawa fedheha kwa ukoo, wafanyakazi wakatapeliwa vikubwa, mjomba akafanywa hohehahe na wenzake, akageuka mtu mchafu, familia ikaishi kwa huzuni, na yeye akayakabili yote kwa ubahili. Mtu aliyepoteza mali yake bila kosa amekuwa tapeli mchafu na bahili, na mpwa wake ndiye aliyemwandika hivyo, kwa mapenzi yote.

Ni lazima kwanza kueleza kwa nini mada hii ilikuwa nzito kwake, kwa sababu uzito huo ndio uliomsukuma kutafuta maneno makubwa. Mwezi Julai 2008 kampuni ya ujenzi ya Martinsa-Fadesa ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake ikiwa na madeni ya zaidi ya yuro bilioni 5, na nyuma yake zikaanguka kampuni ndogo zisizo na idadi ambazo hazikuandikwa popote. Mwanzoni mwa 2013 ukosefu wa ajira nchini Hispania ulifikia takribani asilimia 27 ya nguvukazi. Sheria ya nchi hiyo humfanya mdaiwa kuwajibika kwa mali yake yote, aliyo nayo na atakayoipata baadaye, kwa hiyo familia iliyoshindwa kulipa mkopo wa nyumba iliweza kunyang'anywa nyumba na bado ikabaki na deni. Ndiyo maana mwaka 2009 kulianzishwa Barcelona jumuiya ya waathirika wa mikopo ya nyumba, inayojulikana kwa kifupi kama PAH, iliyosimama milangoni mwa watu kuzuia wasitolewe nje. Neno la Kihispania la kutolewa huko, “desahucio”, linatokana na kitenzi ambacho pia hutumika daktari anapokata tamaa na mgonjwa asiyepona tena. Kwa kizazi cha mwanafunzi huyu maneno ya kuanguka na kufukarika yalijaa sauti za jikoni kwao, na alipotaka kuyasema kwa Kiingereza alichukua yale yaliyofanana nayo kwa sura.

Kufanana huko si kwa bahati. Kihispania kilizaliwa na Kilatini moja kwa moja, na Kiingereza kilichota maneno ya Kilatini kwa maelfu kupitia Kifaransa na kupitia wasomi, kwa hiyo maneno mengi yana shina moja na baadaye yakaachana njiani. Anayejifunza Kiingereza kutoka Kiswahili hakutani na hatari hii mara nyingi, kwa kuwa lugha yetu haina undugu wa asili na Kiingereza na neno geni humjia likiwa geni kweli. Mhispania hujiwa na neno lenye uso wa nyumbani, na hapo ndipo anapoliamini bila kuliuliza.

Katika aya ile makosa mazito zaidi ni “disgrace” na “deception”, nami nitakaa hapo zaidi kwa sababu ndiyo yaliyombadilisha mjomba. “Desgracia” ya Kihispania ni msiba, balaa, mkosi. Mtu akisikia gari limepinduka na watu wamekufa, hulitamka neno hilo kwa uchungu bila kumlaumu yeyote. Shina lake ni neema iliyoondoka. Kiingereza kiliichukua neema hiyo katika maana ya heshima na kibali mbele za watu, hivyo “disgrace” ikawa fedheha, hali ya mtu aliyefanya jambo la kumwaibisha. “Decepción” nayo kwa Mhispania ni kuvunjika moyo baada ya kutarajia, ilhali “deception” ni udanganyifu uliokusudiwa. Msiba unapogeuka fedheha, na kuvunjika moyo kunapogeuka kudanganywa, kinachobadilika si ukali wa neno tu: lawama imehama. Katika Kihispania hakuna mkosaji katika sentensi ile, na katika Kiingereza yupo, naye ni mjomba.

Inafaa kuona pia kwamba makosa haya mawili hayaonekani kwa jicho la sarufi. Sentensi imenyooka, tahajia ni sahihi, na programu ya kusahihisha maandishi haitapiga mstari mwekundu popote. “Destituted” hujifichua yenyewe, kwa kuwa msomaji yeyote huona kwamba kitenzi hicho hakitumiki na hukisia kuwa mwandishi alikusudia jambo jingine. Kosa linaloonekana lina nafuu yake. “It was a disgrace for the family” haina dalili yoyote ya kosa, na mtahini au mwajiri huiamini kama ilivyo. Kwa hiyo katika kusahihisha kazi za wanafunzi wa ngazi hii naona ni vibaya kuanza na makosa yanayopiga kelele, kwa sababu yale yaliyonyamaza ndiyo yanayomdhuru mtu anayesimuliwa.

Kuhusu “destituted” maelezo ni mafupi. “Destituir” ni kumvua mtu madaraka, na hata waziri hufanyiwa hivyo. “Destitute” ya Kiingereza imetoka katika maana ya zamani ya kuachwa na kutelekezwa, nayo humwelezea mtu asiye na chakula wala mahali pa kulala, yule tunayemwita hohehahe. Alichohitaji mwanafunzi kilikuwa kitenzi cha kawaida kabisa: wabia “removed him” au “forced him out”, na kati ya hayo mawili la pili linaeleza kwamba hakuondoka kwa hiari. Jambo la kusikitisha ni kwamba “destitute” lilikuwa neno linalofaa sana mistari miwili baadaye, pale alipotaka kueleza hali ya nyumba yao, lakini alikuwa amekwisha kulitumia kwa kazi isiyo yake.

“The company broke” linataka subira zaidi, kwa sababu hapa lugha inagusana na sheria. Kitenzi cha Kihispania “quebrar” ni kuvunjika na pia ni kufilisika, hivyo mwanafunzi alivuka daraja moja kwa moja. Kiingereza nacho kina “broke”, lakini kama kivumishi, “to be broke”, na katika mazungumzo huelezea zaidi mfuko mtupu wa mtu: ndiyo hali ya Mtanzania anayesema amechacha na Mkenya anayesema amesota, ambayo huisha siku ya mshahara. Kampuni husemwa kwamba “went under”, “went bust”, “folded” au “collapsed”. La kwanza linafaa karibu kila mahali, la pili ni la mazungumzo na vichwa vya habari, la tatu ni la biashara iliyofunga milango, na la nne lina kishindo na huiva zaidi kwa kampuni kubwa iliyoanguka ghafla.

Aliponiuliza kwa nini asiandike tu “went bankrupt”, jibu lilitegemea anayeandikiwa. Katika sheria ya Uingereza na Wales “bankruptcy” ni ya mtu binafsi. Kampuni haiingii humo bali huwekwa chini ya msimamizi au hufungwa na mali zake kugawiwa wadai. Huko Marekani kampuni na mtu binafsi wote hutumia neno hilo, na kampuni inaweza kuomba ulinzi wa mahakama huku ikiendelea kufanya kazi. Hispania yenyewe ilitunga sheria mwaka 2003 iliyounganisha taratibu mbili za zamani, ile ya kusimamisha malipo na ile ya kufilisika, kuwa utaratibu mmoja wa wadai, ingawa watu mitaani wanaendelea kusema “quiebra” kama walivyosema babu zao. Katika mazungumzo hata Waingereza husema kampuni imekuwa “bankrupt”, na hakuna anayewakemea. Mwanafunzi anayeandika insha anaweza kulitumia. Anayeandika ripoti ya kisheria kwa msomaji wa London asithubutu.

“Misery” ilikuwa ngumu kuisahihisha kwa sababu si kosa kamili. “Miseria” ni ufukara wa kutupwa, na “misery” ni huzuni na mateso ya moyo, lakini kwa kuwa mafukara huteseka, sentensi “we lived in misery” ina maana inayokubalika. Ila msomaji hatajua kwamba hawakuwa na chakula. Nilimwonyesha “abject poverty”, ambayo ni maneno mawili yanayozoeleka pamoja, na “squalor”, ambayo hueleza mahali pachafu, palipobanana na kuoza kwa sababu ya umaskini. Hilo la mwisho lilimfanya aone kosa lake la “squalid man” bila mimi kulitaja: “escuálido” kwa Kihispania ni mtu aliyekonda mno, lakini “squalid” ni uchafu, na hutumika zaidi kwa chumba au mtaa kuliko kwa mtu. Aliyekonda kwa mawazo ni “gaunt”. Parsimonia ya Kihispania ni utulivu wa mtu asiye na haraka. “Parsimony” ya Kiingereza ni ubahili. Hapo hapakuwa na la kujadili, akaweka “composure”.

Kuhusu mwisho wa mwezi, Mhispania asiye na fedha za kutosha husema hafiki mwisho wa mwezi, na picha hiyo inaeleweka kwa kila anayelipwa mshahara duniani. Kiingereza kina usemi wake, “to make ends meet”, na mwandishi wa ngazi ya juu anatarajiwa kuujua.

Baada ya kuyapitia maneno moja moja, nilimwuliza aliyapata wapi. Alinionyesha orodha aliyoikariri, ya aina inayopatikana kwa wingi mtandaoni, iliyopanga visawe vya “poor” mfululizo: “destitute”, “indigent”, “penurious”, “impecunious”, “impoverished”, “needy”, “deprived”. Nadhani orodha kama hii ndiyo chanzo cha pili cha kisa hiki, na kwa maoni yangu ni chanzo kibaya kuliko kufanana kwa maneno, kwa sababu inamwambia mwanafunzi kwamba maneno saba yana maana moja na kwamba lililo refu zaidi ni bora zaidi. Kwa Mhispania ushauri huo unadhuru mara mbili. Maneno yenye asili ya Kilatini, ambayo kwa Mwingereza ni ya kitabuni, kwake ni ya kila siku: bibi yake husema “penuria” na gazeti la mtaani huandika “indigente”. Akiyabeba kwenda Kiingereza anadhani anazungumza kwa ukawaida, kumbe anasikika kama wakili. Maneno ambayo Waingereza wenyewe hutumia kuhusu ukata wao ni mafupi na ya asili nyingine: “hard up”, “broke”, “skint”, ambalo ni la Waingereza hasa. Kwa mwanafunzi kama huyu, kupanda ngazi ya lugha mara nyingi ni kuongeza maneno mafupi.

Nilimpitisha katika orodha yake kwa kumwuliza nani husema neno hilo, na kuhusu nani. “Indigent” lina makao mahakamani, hasa Marekani, ambako Mahakama ya Juu ya nchi hiyo katika kesi ya Gideon v. Wainwright ya mwaka 1963 iliamua kwamba majimbo ni lazima yampatie wakili mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo wa kumlipa. “Deprived” ni neno la ripoti za serikali na watafiti, nalo huenda vizuri na mtaa au utoto. Mtu hasemi juu yake mwenyewe kwamba yeye ni “deprived”. “Impoverished” lina historia ndani yake, kwa kuwa linaeleza aliyefanywa maskini, na kwa familia ya mjomba lilifaa kuliko yote, maana hawakuzaliwa katika umaskini bali waliangushwa humo. “Impecunious” linabaki katika riwaya za zamani, nami nilimshauri aliache huko.

Alikuwa na neno jingine pembeni, “pauper”, ambalo alilipenda kwa kuwa linakaribiana na “depauperado” ya kwao. Neno hili lina kumbukumbu nzito. Tangu sheria ya maskini ya Uingereza ya mwaka 1601, kila parokia ilitakiwa kuwasaidia maskini wake, na sheria mpya ya 1834 ikakusudia msaada kwa wenye nguvu za kufanya kazi utolewe ndani ya nyumba za kazi, ambamo maisha yalifanywa magumu makusudi ili watu waogope kuomba. “Pauper” alikuwa mtu anayelishwa kwa fedha za umma chini ya utaratibu huo, na jina lenyewe lilikuwa doa. Kutoka kipindi hicho Kiingereza kilirithi tabia ya kuwagawa maskini kuwa wanaostahili kuhurumiwa na wasiostahili, na nadhani mtu asipoijua tabia hiyo hawezi kuelewa kwa nini maneno mengi ya Kiingereza ya umaskini yanauliza kimyakimya ni kosa la nani. Kihispania nacho kina njia yake ya kutofautisha, kwa mpangilio wa maneno: “un hombre pobre” ni mtu asiye na mali, “un pobre hombre” ni masikini ya Mungu, wa kuonewa huruma. Kiingereza kinasema “a poor man” kwa wote wawili na kumwachia msomaji atambue kwa muktadha.

Rasimu ya pili ilikuja safi, isipokuwa sentensi moja mpya: “My uncle failed to pay his workers.” Hakuna kosa la sarufi wala la kamusi. Lakini “failed to”, ikifuatwa na kitenzi, si lazima ieleze kwamba mtu alijaribu akashindwa. Mara nyingi inaeleza kwamba hakufanya lililompasa. Ndiyo lugha ya hati za mashtaka na ya magazeti yanapoandika kuhusu mwajiri asiyelipa. Mjomba, ambaye aliuza gari lake ili kulipa sehemu ya mishahara ile, alirudi kizimbani kwa neno dogo kuliko yote. “Was unable to pay” ingemtendea haki. Katika sentensi nyingine alikuwa ameandika “he was a failure”, akikusudia kwamba mradi wake ulikwama. Kiingereza hutofautisha kwa ukali kati ya “his business failed”, ambalo ni tukio, na “he was a failure”, ambalo ni hukumu juu ya nafsi ya mtu na maisha yake yote. Sisi tunaweza kusema mipango ya mtu imegonga mwamba au imekwenda mrama, na lawama ikabaki kwa mwamba na mawimbi. Kiingereza kina maneno ya namna hiyo pia, kama “fell through” kwa makubaliano yaliyoshindikana na “foundered” kwa mradi, neno lililotoka hasa kwenye meli inayozama. Nilimhimiza ayatafute hayo kabla ya kufikia nomino yenye kumbandika mtu jina.

Mitihani yenyewe ni sehemu ya mkanganyiko huu, kwa kuwa Mhispania anayefeli mtihani hutumia “suspender” na Mmexico hutumia “reprobar”. Wa kwanza akiandika kwamba “suspended the exam” msomaji anaelewa kuwa aliuahirisha, na wa pili akifuata sura ya neno lake anaweza kuishia kwenye “reprobate”, ambalo ni mtu aliyepotoka kimaadili. Nililitaja kwake kwa haraka tu, kwa sababu mkataba wetu ulikuwa mjomba.

Aya aliyoipeleka mwishoni ilikuwa hii: “In 2008 my uncle's company went under. It was a terrible blow to the family and a bitter disappointment to the workers, whom he was unable to pay in full. His partners forced him out. He grew gaunt, and as we could no longer make ends meet we came close to destitution. He bore it all with composure.” Linganisha na ya kwanza na utaona kwamba maneno ya Kilatini yamepungua, vitenzi vifupi vimeongezeka, na “destitution” limepata mahali pake pa haki, pamoja na kipimo cha “came close to”, ambacho aliking'ang'ania mwenyewe kwa sababu, alivyonieleza, hawakuwahi kukosa paa.

Kuna neno moja hatukukubaliana. Katika utangulizi aliandika “We were a humble family”, kwa kuwa Kihispania huwaita watu wa kipato cha chini “gente humilde”, kwa heshima na bila kuwadogosha. Kiingereza kinakubali “humble origins” na “a humble home” katika maana hiyohiyo, lakini “a humble family” humfanya msomaji afikirie kwanza unyenyekevu wa tabia. Nilipendekeza “a family of modest means”, yaani familia ya kipato kidogo. Alilikataa, akisema hilo ni la watu wanaoona haya kusema maskini, na “poor” aliliona si kweli kwa miaka kabla ya 2008. Mwishowe aliandika “a working-class family”, ambalo linaeleza kazi badala ya mfuko, nami nikaliacha lilivyo.